Shajara ya mradi: visa saba vya Sura ya Nne, Lamu

Mei. Kuchagua vifungu

Filamu ni diwani ya visa saba vifupi juu ya Sura ya Nne ya Katiba ya Kenya ya 2010, ile sura ya haki za kimsingi inayoanzia Kifungu cha 19 na kuishia cha 59. Kila kisa kina dakika tisa hadi kumi na mbili, wahusika ni wa kubuni, na vyote vinapigwa Lamu: Mkomani na Langoni, Matondoni, Shela, na ng'ambo kwenye gati la Mokowe. Masika yamechafua bahari, kwa hivyo mwezi huu na ujao ni wa kuandika.

Vifungu 41 haviingii filamu moja. Kipimo cha kuchagua kimekuwa kimoja: kifungu kiwe na mahali ambapo mtu husimama akadai na mwingine akamjibu. Kaunta ya polisi, dirisha la karani, mapokezi ya zahanati, ngazi za gati. Heshima ya utu, Kifungu cha 28, ndiyo mzizi wa sura nzima, lakini haina kaunta yake, na kuitungia kisa cha peke yake ni kuandika hotuba. Imo ndani ya visa vyote saba, katika namna afisa anavyomtazama mtu na jina analomwitia.

Vilivyoingia ni 49 (aliyekamatwa), 35 (kupata habari), 43(2) (matibabu ya dharura), 54 (watu wenye ulemavu), 53 (watoto), 42 (mazingira safi) na 22, kinachompa mtu yeyote haki ya kwenda mahakamani haki yake ikivunjwa. Hicho cha mwisho kimewekwa mwisho kwa makusudi. Visa sita vya mbele vinaonyesha mlango uliofungwa, cha saba kinaonyesha pa kwenda baada ya kufungiwa.

Wengi walioulizwa walitaka kisa cha kitambulisho. Haki hiyo iko Sura ya Tatu, Kifungu cha 12, na taratibu zake za ofisini hubadilika mara kwa mara ilhali filamu ikishatoka haibadiliki. Imeachwa.

Sharti moja limewekwa kwa waandishi wote: Kifungu cha 24 kionekane. Haki nyingi zinaweza kuwekewa mipaka, ila kwa sheria, kwa sababu inayokubalika katika jamii huru, na pale tu ambapo hakuna njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lile lile. Lamu inalijua jambo hili kwa undani. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 kafyu iliwekwa usiku, na uvuvi wa usiku ukazuiwa kwa miaka. Afisa katika mswada lazima apewe hoja yake bora ya kisheria, aiseme kwa utulivu, na mtazamaji apime. Haki nne tu ndizo zisizoguswa kabisa, na ziko Kifungu cha 25: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kesi ya haki, na amri ya kumfikisha aliyezuiliwa mbele ya mahakama. Kisa kikigusa mojawapo ya hizo, afisa hana hoja ya kupewa.

Juni. Kisa cha saa 24

Kifungu cha 49(1)(f) ndicho kila mtu anachokijua, na ndicho kinachokosewa kuliko vyote katika miswada ya filamu. Kina ngazi tatu. Kwanza, aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Pili, isizidi saa 24. Tatu, ikiwa saa hizo 24 zinaishia nje ya saa za kawaida za mahakama, au siku isiyo ya mahakama, mwisho unakuwa ni mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Ngazi ya kwanza husahaulika na askari, wakaona saa 24 ni posho yao. Ya tatu husahaulika na waandishi, na kisa chao kinaanguka mbele ya wakili wa kwanza atakayekitazama.

Tuchukue kijana aliyekamatwa Ijumaa saa kumi alasiri. Saa 24 zinaisha Jumamosi saa kumi, mahakama haiketi, kwa hivyo mwisho wa kisheria ni Jumatatu mahakama inapofungwa. Watu wake watakesha siku tatu, na kwa hesabu hiyo peke yake hakuna kifungu kilichovunjwa. Akikamatwa Jumatatu saa nne asubuhi, mwisho ni Jumanne saa nne asubuhi, mahakama iko wazi. Akikamatwa Jumatatu hiyo hiyo saa kumi na mbili jioni, saa 24 zinaangukia Jumanne jioni, mahakama imeshafungwa, na mwisho unasogea hadi Jumatano. Saa nane za tofauti asubuhi na jioni zinamweka mtu ndani zaidi ya siku nzima.

Hapo ndipo kisa kilipopatikana. Kijana anakamatwa Jumatatu saa nne asubuhi, na kwenye kitabu cha matukio, OB, saa inayoandikwa ni ya jioni. Hakuna kipigo, hakuna anayepaza sauti. Kuna kalamu tu. Shangazi yake anasimama kaunta:

«Afande, mwanangu meshikwa kwa kosa gani, na saa ngapi?»

«Yote yameandikwa hapa, mama. Saa kumi na mbili jioni.»

«Alipochukuliwa hata adhuhuri ilikuwa haijaadhiniwa. Muulize mwadhini.»

Mazungumzo hayo yamebaki hivyo hivyo tangu rasimu ya pili. Kitabu chenyewe kimetengenezwa kwa daftari kubwa la jalada gumu, kurasa kumi na mbili zimejazwa kwa mwandiko wa watu watatu tofauti na kalamu za wino tofauti, kwa sababu kitabu cha zamu chenye mwandiko mmoja hakimdanganyi mtu. Kurasa za mbele zimeshikwashikwa kwa mikono yenye jasho na kukunjwa pembe. Majina yote ndani yake ni ya kubuni na yamepitiwa moja moja, maana kamera ya leo inasoma hata mstari ambao mwongozaji hakuukusudia.

Kosa la kijana nalo halichaguliwi ovyo. Likiwa ni kosa la faini tu, au la kifungo kisichozidi miezi sita, Kifungu cha 49(2) kinakataza kumweka rumande, na hadithi ya kusubiri inakufa hapo. Tumeweka wizi wa mashine ya boti. Wizi wa kawaida chini ya Kanuni ya Adhabu ni kifungo cha hadi miaka mitatu, kwa hivyo swali la dhamana linabaki hai, na Kifungu cha 49(1)(h) kinampa hakimu kazi ya kutafuta sababu nzito kabla ya kuikataa.

Juni, mwishoni. Barua ya siku 21

Kisa cha Kifungu cha 35 kinahusu maji. Mji wa Lamu umekuwa ukinywa kutoka visima vya nyuma ya machuguu ya mchanga ya Shela, na maji ya visima yakivutwa kupita kiasi chumvi hupanda kutoka chini. Mwanamke wa Langoni anaandika kuomba matokeo ya vipimo vya chumvi.

Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ina mambo ambayo hata watu wa ofisini huyasahau. Ombi linaandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyeweza kuandika anasema, na afisa ana wajibu wa kuandika maneno yake na kumpa nakala. Kuomba hakulipiwi, gharama ni ya kutoa nakala tu. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21, na linaweza kusogezwa mara moja kwa siku zisizozidi 14. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Akinyimwa, anakwenda Tume ya Haki ya Utawala. Na Kifungu cha 35 kinasema raia, kwa hivyo mhusika lazima awe raia, jambo la kuangaliwa mapema na mwandishi anayetaka mhusika mgeni.

Ugumu ni kupitisha siku 21 ndani ya dakika kumi. Kalenda inayochanwa imechosha watazamaji. Tulichoshika ni muhuri. Mwanamke anakwenda na nakala mbili, anaacha moja, na anataka ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Karani anasema muhuri uko kwa bosi. Bila tarehe ile hesabu haina pa kuanzia, na kisa kizima ni kuupata muhuri ule. Mtazamaji akitoka na jambo moja, atoke na hilo la nakala ya pili.

Julai. Vibali

Leseni ya kupiga filamu inaombwa chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, na mswada unaambatishwa. Filamu ikikamilika inapelekwa tena kuainishwa umri kabla ya kuonyeshwa kwa umma. Ngome na majumba ya makumbusho ni mali ya Makumbusho ya Taifa, yana kibali chao. Kisha kamishna wa kaunti, mkuu wa kituo cha polisi, chifu, wazee wa mtaa, na kwa kila bandari ya wavuvi kamati yake ya usimamizi wa ufuo, BMU. Wanaoanza na karatasi ya Nairobi wakadhani imetosha hukwama gatini siku ya kwanza, kwa kuwa mzee wa mtaa hakuambiwa. Nakala za vibali vyote zimewekwa kwenye mifuko ya plastiki, seti moja kwa kila kundi linalotoka.

Picha za angani zimeondolewa. Ndege isiyo na rubani inahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, uwanja wa ndege uko Manda, mkabala na mji, na huku ni eneo la ulinzi mkali. Bandari mpya na kambi hazielekezewi kamera kabisa.

Madari, yaani mapaa ya juu ya nyumba, pia yamewekewa kanuni. Kutoka dari ya nyumba ya Mkomani kamera inaona ndani ya viwanda, yaani nyua za ndani, vya majirani watatu au wanne, mahali wanawake wanapokaa bila buibui. Kifungu cha 31 kinalinda faragha ya nyumba, na kanuni ya mji huu iliilinda karne nyingi kabla ya Katiba. Shoti za darini zinapigwa kuelekea bahari tu, saa iliyokubaliwa na majirani, na mwanamke wa kikosi anapita nyumba kwa nyumba kuarifu. Filamu ya haki inayowavua watu haki yao ili ipate picha nzuri haina kazi.

Sare za polisi zimeshonwa bila nembo halisi, zinavaliwa na kuvuliwa chumbani, na hakuna mwigizaji anayetembea nazo barabarani. Mtu aliyeitwa «afande» na mpita njia asiyejua ni mchezo ni hatari kwake na kwa mpita njia.

Agosti. Ndani ya nyumba na vichochoroni

Ngome ya Lamu ilikamilika 1821 na ilitumika kama gereza tangu 1910 hadi 1984. Kuta zake ni nene na vyuma vya madirisha vinaonekana vizuri, lakini seli ya kituo cha leo haifanani nayo. Kwa hivyo ngome imetoa shoti mbili tu za dirisha, na kaunta ya polisi imejengwa kwenye chumba cha kukodi: meza ya mbao, dirisha la nondo, saa ya ukutani, bango la huduma lililopauka.

Vyumba vya nyumba za mawe ni virefu na vyembamba. Upana wao uliamuliwa na urefu wa boriti, chini kidogo ya mita tatu, ukubwa ambao mkoko unaweza kubeba dari bila kupinda. Kamera ikiegemezwa ukutani, lenzi ya milimita 35 inamshika mtu kifuani kwenda juu na si zaidi. Tunatumia 24 kwa vyumba na tunaepuka iliyo pana kuliko hiyo, kwa sababu inapinda mistari ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na jicho la Mwamu, mwenyeji wa Lamu, linaona mara moja kwamba ukuta umeharibika.

Kichochoro kinapata jua la moja kwa moja kwa muda mfupi tu karibu na adhuhuri, na wakati huo hakifai: ukuta mmoja mweupe kabisa, wa pili mweusi. Saa mbili hadi saa nne asubuhi kivuli kimelingana na chokaa inarudisha mwanga mwororo usoni. Kitambaa cheupe cha mita moja na nusu kikishikwa upande wa pili kinatosha, hakuna taa.

Umeme wetu ni hezi 50. Kamera imewekwa fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50, na hapo taa za umeme hazipepesi. Jenereta ndogo ndiyo inayoleta balaa: injini ikipungua kasi hezi zinashuka hadi 47 au 48, na mawimbi meusi yanapita juu ya picha, hayaonekani kwenye kioo kidogo cha kamera ila kwenye kompyuta usiku. Dawa ni taa za betri kwa shoti zote za karibu. Jenereta inachaji betri tu, mbali mita hamsini na pembeni ya kona, kwa waya wa milimita 2.5 za mraba.

Sauti ndiyo kazi ngumu kuliko zote Lamu. Magari karibu hakuna, na watu hudhani basi kuna utulivu. Mji wa kale una misikiti zaidi ya ishirini na adhana hazianzi sekunde moja. Adhana ikiwa nyuma ya mazungumzo, mhariri hawezi kukata popote: ukikata sentensi mbili za mwigizaji, adhana inaruka neno, jambo linalosikika vibaya na ni utovu wa adabu. Ratiba inaacha dakika ishirini kila wakati wa sala, na kikosi kinasali au kinapumzika. Adhana inayohitajika katika kisa cha saa 24 imerekodiwa peke yake, nzima, mwanzo hadi mwisho, kwa ruhusa ya msikiti, na inawekwa nzima.

Punda akilia hakatazwi. Rudia shoti. Mashine za boti upande wa gati hunyamaza kidogo baada ya saa nane mchana, ndipo ndani ya nyumba za mbele kunapowezekana. Kanzu iliyotiwa wanga inakwaruza maikrofoni ya kifuani, ifuliwe mara mbili bila wanga kabla ya siku ya kazi, na maikrofoni ibandikwe kwa plasta ya hospitali juu ya ngozi, si kwenye kitambaa. Kila mahali kimya cha chumba kinarekodiwa kwa sekunde 60, watu wote wakiwa wamesimama walipo, kabla ya taa kuzimwa. Asiyefanya hivyo atajuta Novemba, wakati wa kuhariri.

Chumvi inaingia kila kitu. Lenzi haifutwi kwa kitambaa kikavu, chembe za chumvi zinaichora. Kwanza brashi ya hewa, kisha kitambaa kilicholowa maji baridi kidogo. Kamera ikitoka chumba chenye kiyoyozi ikae ndani ya begi lililofungwa nusu saa, la sivyo kioo kinafunga ukungu hadi ndani.

Mizigo inakwenda kwa punda na mikokoteni. Masanduku yanafungwa mawili mawili ya uzani sawa kila upande wa punda, na la lenzi halipandishwi punda hata kidogo, linabebwa mkononi. Betri kubwa zinazokuja kwa ndege zisizidi saa-wati 100 kila moja, za kati ya 100 na 160 zinaombewa idhini ya shirika la ndege.

Septemba. Zahanati, kiti cha magurudumu, watoto

Kisa cha 43(2) kinashika neno «amana». Bibi mwenye pumu analetwa usiku, na mapokezi inataka amana kwanza. Katiba inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inafafanua kwamba matibabu hayo ni pamoja na kumtuliza mgonjwa hali yake isizorote na kumpangia rufaa. Kwa hivyo zahanati isiyo na uwezo wa kumlaza bado ina la kufanya: oksijeni, dawa ya kuvuta, simu ya boti. Muuguzi katika kisa si mbaya, ameagizwa, na shoti ya mwisho ya mazungumzo ni mkono wake ukisukuma kitabu cha risiti pembeni. Pumu ya kuigiza husikika ya uongo kila mara, kwani mwigizaji hutoa sauti kooni. Mhudumu wa afya alielekeza pumzi ya kutoa iwe ndefu kuliko ya kuvuta, mabega yapande, sentensi zikatwe maneno mawili mawili. Maikrofoni iliwekwa sentimita 20 juu ya kifua.

Kifungu cha 54(1)(c) kinazungumzia kufika mahali, kupanda vyombo vya usafiri na kupata habari. Kisa ni kuvuka kutoka Mokowe. Mwigizaji anatumia kiti cha magurudumu maishani mwake, sharti hilo halikujadiliwa. Kamera iko kimo cha mita 1.15 kutoka chini kisa kizima, na watu wanaosimama wanakatwa vichwa na ukingo wa picha pale wanapozungumza juu yake bila kuzungumza naye. Gati lina ngazi. Maji yakijaa boti inalingana na ngazi za juu na watu wawili wanatosha kumsaidia, maji yakipwa kuna kushushwa kwa mikono ngazi nyingi zenye mwani. Kupigia picha maji kupwa kwa mwigizaji huyo ni hatari ya kweli, kwa hivyo shoti za ngazi za chini zilipigwa bila yeye, kiti kitupu kikishushwa, na ndizo zilizotoka na uzito kuliko zote.

Kisa cha watoto kinahusu 53(1)(f): mtoto asizuiliwe ila kama njia ya mwisho, kwa muda mfupi kabisa, na atengwe na watu wazima. Mvulana wa kuigiza anafanya kazi baada ya shule, mlezi wake yuko chumbani muda wote, mwisho saa kumi na mbili jioni. Mlango wa seli haufungwi, uko wazi nje ya picha, sauti ya komeo inawekwa baadaye. Idhini ya picha yake imetiwa saini na mlezi, kwa Kiswahili, ikieleza filamu itaonyeshwa wapi na kwamba idhini inaweza kuondolewa.

Oktoba. Baharini

Kusi imepungua, matlai imeingia, na kisa cha Kifungu cha 42 kinaanza. Mwezi wa Mfungo Sita ukiangukia kipindi hiki ratiba hujengwa kando yake, maana Maulidi huujaza mji na hakuna sauti itakayorekodiwa.

Msingi wa kisa ni kesi mbili zinazojulikana na kila mvuvi. Ya kwanza ilifunguliwa 2012 juu ya bandari mpya ya Lamu. Mahakama Kuu ilitoa hukumu 30 Aprili 2018, ikaona haki za mazingira safi, utamaduni na ushirikishwaji wa wananchi zimekiukwa, na ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Ya pili ni leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa Kwasasi. Baraza la Kitaifa la Mazingira liliifuta 26 Juni 2019, sababu kubwa ikiwa ni wananchi kutoshirikishwa ipasavyo. Hatuzichezi kesi hizo. Familia yetu ni ya kubuni, na tarehe hizo zinatokea kwenye maandishi ya mwisho. Tunachochukua ni Kifungu cha 70(3): anayekwenda mahakamani kutetea mazingira hahitaji kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au madhara. Mzee katika kisa anaulizwa «umepoteza nini?» tena na tena, na jibu lake la mwisho ni kifungu hicho kwa maneno yake mwenyewe.

Kupanga picha za bahari ni kupanga maji. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, kwa hivyo shoti ya gatini iliyoanza leo saa tatu haimaliziki kesho saa tatu: ngazi zilizokuwa kavu zimezama. Ama umalize siku hiyo hiyo, ama urudi baada ya wiki mbili, bamvua kwa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo maji na saa hukutana tena. Wakati wa bamvua huku maji hupwa sana saa nne hadi saa tano asubuhi, mwanga ukiwa tayari mkali, basi shoti za mikoko mitupu na tope zinakubali mwanga huo au hazipigwi. Nje ya bamvua, maji mafu yanafaa mazungumzo ndani ya chombo, kwa kuwa mkondo hauvuti.

Kamera iko kwenye mashua ya pili, imefungwa kamba, upande wa chini wa upepo ili moshi na kelele za mashine zisimfikie mwigizaji. Makoti ya kuokoa maisha kwa wote, waigizaji wanayavua dakika ya mwisho tu na chombo cha tatu kiko karibu. Mashine ya nguvu-farasi 40 hula lita 15 hadi 20 kwa saa ikikimbizwa, kwa hivyo petroli ya akiba hukokotolewa kwa kurudi dhidi ya upepo.

Novemba. Uhariri

Picha zinarekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde, sawa na gigabaiti 45 kwa saa, na zinawekwa nakala tatu: diski mbili Lamu katika nyumba mbili tofauti, ya tatu bara. Hakuna kadi inayofutwa kabla programu ya kulinganisha faili haijathibitisha nakala mbili. Kuhariri kunafanywa kwa nakala nyepesi, kompyuta zenyewe si kubwa.

Visa vitano vimeshahaririwa. Kisa cha muhuri kimepungua hadi dakika tisa na kimepata nguvu. Cha saa 24 kina ubishi mmoja: saa ya ukutani ionekane mara tatu au mara mbili. Katika maonyesho ya majaribio, walioiona mara mbili hawakuhesabu. Imebaki tatu.

Mazungumzo ni ya Kiamu na maandishi ya chini ni Kiswahili sanifu na Kiingereza. Maneno ya Kiswahili ni marefu, hivyo mistari miwili ya herufi 38 hujaa upesi, na tunahesabu herufi 15 kwa sekunde. Maandishi ya kifungu mwishoni mwa kila kisa yanakaa sekunde moja kwa kila maneno mawili, yakisomwa pia kwa sauti. Mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya yuko kona ya kulia, robo ya upana wa picha. Tuliyemweka mdogo zaidi vidole vyake havikusomeka.

Kilichobaki kupigwa ni kisa cha saba. Kifungu cha 22(3) kinasema hakuna ada ya kufungua kesi ya haki na taratibu ziwe nyepesi. Kanuni za 2013 za kutetea haki mahakamani zinaongeza, kanuni ya 10(3) na (4), kwamba mahakama inaweza kupokea ombi la mdomo, barua au karatasi yoyote isiyo rasmi inayoonyesha haki iliyovunjwa, na ombi la mdomo liandikwe na mahakama yenyewe. Katika rasimu ya sasa shangazi wa kisa cha kwanza anaingia, anasema, na karani anaanza kuandika papo hapo. Wakili amerudisha mswada na neno moja limepigiwa mstari: «inaweza». Mahakama hailazimiki. Kwa hivyo tukio linaandikwa upya, na kati ya maneno yake na kalamu ya karani kuna hakimu anayeuliza maswali mawili: haki gani, na ilivunjwa vipi. Majibu yake ndiyo yatakayopigwa mwezi ujao, ndani ya chumba kile kile cha kaunta kikiwa kimepakwa rangi upya na benchi za mahakama zilizoazimwa Mokowe.